Kapu Lipikalo Bila Moto

Majira ya baridi ni wakati wa taabu jikoni kwa watu wakaao sehemu za milimani katika Kenya. Tangu mwezi wa Juni mpaka Agosti ukungu hufunika Limuru, Kinangop, Molo na Nyeri, na hata mjini Nairobi jua huweza kujificha nyuma ya mawingu siku nzima. Wakati huo kila mtu hutamani chakula cha moto chenye mchuzi: supu ya mifupa, githeri iliyolainika, ndengu nzito, au nyama iliyoiva hata ikaachana na mfupa wake. Lakini vyakula hivyo ndivyo vinavyokula kuni na makaa kuliko vingine vyote. Sufuria ya githeri huweza kukaa motoni saa tatu na zaidi, na siku za ukungu kuni huwa na unyevu, moshi ukajaa nyumba nzima.

Basi nyumba nyingi hushika moja la mawili. Ama hununua makaa au gesi zaidi, ama huacha kupika maharagwe na nyama ngumu, watu wakashinda kwa chai na mkate. Shauri la kwanza humaliza fedha za nyumbani. Shauri la pili huwanyima watoto na wazee chakula kile kile wanachokihitaji kwa wingi katika siku za baridi. Iko njia ya tatu, nayo haihitaji umeme wala chombo cha bei kubwa. Ni kupika polepole kwa kutumia kapu lililojazwa vitu vya kuhifadhi joto.

Njia hiyo ni nzuri, lakini ina masharti yake. Mtu alitumiaye kapu bila kuyajua masharti hayo aweza kuwalisha jamaa zake chakula chenye madhara. Kwa hivyo yafaa kueleza kwanza jinsi kapu linavyofanya kazi, kisha jinsi ya kulitengeneza, na mwisho mambo ambayo hapana budi mpishi ayaangalie.

KWA NINI GITHERI HUKAWIA MILIMANI

Mpishi aliyehama kutoka Mombasa kwenda Nyandarua hutambua upesi kwamba maharagwe yale yale, katika sufuria ile ile, huchukua muda mrefu zaidi kuiva huko alikohamia. Si kwamba moto wa milimani ni dhaifu. Sababu ni hewa. Hewa ina uzito, nayo huyagandamiza maji yaliyomo katika sufuria. Pwani, mahali palipo sawa na bahari, hewa ni nzito na maji huchemka yafikapo joto la digrii 100. Kadiri mtu apandavyo mlimani hewa huwa nyepesi, nayo maji huanza kuchemka kabla ya kufika joto lile. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, joto la kuchemka hupungua karibu digrii 1. Mjini Nairobi, penye urefu wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwa digrii 94 au karibu na hapo. Huko Kinangop, penye urefu wa mita 2,500 hivi, huchemka kwa digrii 92.

Hapo pana jambo ambalo wapishi wengi hawalijui. Maji yakiisha kuchemka hayawezi kuwa na joto zaidi katika sufuria ya kawaida, hata mtu akiongeza kuni mzigo mzima. Moto ulioongezwa hufanya kazi moja tu, nayo ni kuyageuza maji kuwa mvuke na kuutoa nje. Mpishi huongeza maji, huongeza kuni, na maharagwe hayaoni tofauti yo yote. Chakula kigumu hakihitaji moto mkubwa. Kinahitaji kukaa katika joto kwa muda mrefu. Hii ndiyo asili ya upishi wa polepole.

KUPIKA NI KUTUNZA JOTO

Mtu alalaye katika blanketi hupata joto, lakini blanketi lenyewe halina moto. Kazi yake ni kulizuia joto la mwili lisitoroke. Chupa ya chai nayo ni hivyo hivyo: chai iliyotiwa asubuhi ingali na moto mchana, ijapokuwa hakuna aliyekoka moto chini yake. Sufuria iliyochemka sana, ikafunikwa vizuri na kuzungukwa pande zote na kitu kisichopitisha joto upesi, hukaa saa nyingi ikiwa na joto la kutosha kuivisha chakula. Katika muda huo moto uliotumika ni ule wa kuichemsha tu, pengine chini ya saa moja.

Watu wa nchi nyingi wameitambua siri hiyo tangu zamani. Katika maonyesho makubwa yaliyofanyika Paris, Ufaransa, katika mwaka wa 1867, sanduku la namna hii kutoka Norway lilionyeshwa mbele ya watu wa mataifa mengi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, makaa na gesi vilipokuwa haba katika Uingereza, serikali ya huko iliwahimiza watu wapike katika masanduku yaliyojazwa nyasi kavu. Wayahudi wa Ulaya ya mashariki walikuwa na desturi ya kutia sufuria ya maharagwe, nyama na nafaka katika tanuru siku ya Ijumaa kabla ya jua kuchwa, ili wapate chakula cha moto Jumamosi bila kuwasha moto siku ya Sabato. Irving Naxon, fundi wa Marekani, alieleza kwamba habari za chakula hicho alizosimuliwa na mama yake zilimpa wazo la kutengeneza chungu cha umeme cha kupikia polepole. Alipewa hati ya kuilinda kazi yake katika mwaka wa 1940, na tangu mwaka wa 1971 vyungu vya namna hiyo vilienea sana katika nyumba za Marekani.

Chungu cha umeme ni kizuri kwa mwenye umeme na mwenye fedha ya kuulipia. Lakini kapu hufanya kazi iyo hiyo katika nyumba ya kijijini na katika chumba kimoja cha mjini. Katika Kenya kapu hili limefundishwa kwa miaka mingi na walimu wa kilimo na wa mambo ya nyumbani, na vikundi vingi vya akina mama vinajua kulitengeneza.

JINSI YA KULITENGENEZA KAPU

Kwanza atafute kapu imara lenye mdomo mpana. Likikosekana, sanduku la mbao au la karatasi ngumu latosha. Kapu liwe kubwa kuliko sufuria, hata ibaki nafasi ya kama sentimita 10, yaani upana wa kiganja, chini na pande zote. Nafasi hiyo ndiyo itakayojazwa.

Vitu vya kujazia havina gharama. Nyasi zilizokauka kabisa, majani makavu ya migomba, vipande vya blanketi kuukuu, sweta zilizochakaa, pamba, au sponji ya godoro lililotupwa, vyote vyafaa. Sharti ni kwamba viwe vikavu na vishindiliwe vizuri. Kitu kibichi hupitisha joto upesi, na nafasi tupu huingiza upepo.

Baada ya kutia tabaka la chini, sufuria tupu iwekwe katikati, na pande zake zijazwe na kushindiliwa mpaka kiota cha umbo la sufuria hiyo kipatikane. Kisha kiota kitandikwe kitambaa kizito cha pamba na kushonewa kwenye ukingo wa kapu, ili nyasi zisiingie katika chakula. Kitambaa hicho kiwe cha kutolewa, kipate kufuliwa na kuanikwa.

Mwisho ushonwe mto mnene wa kufunikia, uliojazwa vitu vile vile, wa kuziba mdomo wa kapu kabisa. Mto huu usipuuzwe. Joto hupanda juu, na kapu lenye mto mwembamba ni sawa na mtu aliyejifunika blanketi mpaka kiunoni.

Sufuria nzuri kwa kazi hii ni ile ya kawaida isiyo na mikono mirefu, yenye kifuniko kinachokaa sawasawa. Sufuria nzito hutunza joto kuliko nyepesi.

SHERIA TANO ZA KAPU

La kwanza, sufuria ijae, au ipungue kidogo tu. Chakula kingi hutunza joto muda mrefu. Chakula kidogo katika sufuria kubwa hupoa upesi. Nyumba ya watu wawili watumie sufuria ndogo na kapu dogo.

La pili, chakula kichemke kwa nguvu mpaka ndani. Mvuke wa pembeni si dalili ya kutosha. Kipande kikubwa cha nyama huweza kuwa baridi katikati hali mchuzi unachemka. Kwa hivyo nyama ikatwe vipande vya kadiri, na sufuria iachwe ichemke kwa muda uliotajwa kwa kila chakula.

La tatu, kifuniko kiwe juu ya sufuria dakika 5 za mwisho motoni, na kisifunuliwe tena. Sufuria iondolewe motoni, chini yake ipanguswe upesi ili kusibaki kaa la moto wala masizi, kisha iingizwe kapuni na kufunikwa kwa mto mara moja. Kaa dogo lililonata chini ya sufuria laweza kuteketeza kapu na nyumba pamoja.

La nne, kapu lisifunguliwe ovyo. Kila mara mtu atazamapo chakula, hutoa joto ambalo hakuna moto wa kulirudisha.

La tano, chakula kitolewe kingali na moto mkali. Vijidudu viletavyo maradhi ya tumbo huzaliana kwa haraka katika chakula cha vuguvugu, lakini hawawezi kuzaliana katika chakula chenye joto lipitalo digrii 60. Kwa sababu hiyo chakula kisiachwe kapuni zaidi ya saa 6, na kabla ya kuliwa kichemshwe tena kidogo. Kikikutwa vuguvugu tu, yaani mtu aweza kutia kidole bila kuungua, basi joto lilikwisha kutoroka zamani, na kapu lina kasoro. Chakula cha namna hiyo, hasa chenye nyama, kisihesabiwe kuwa salama. Ni afadhali kujaribu kapu jipya kwa maji matupu kwanza: yachemshwe, yawekwe kapuni, na yatazamwe baada ya saa 4. Yakiwa na mvuke na kuunguza mkono, kapu ni zuri.

HATARI ILIYOMO KATIKA MAHARAGWE

Jambo hili ni kubwa kuliko yote, na kila apikaye polepole ni lazima alijue. Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Mmea huitumia kujilinda na wadudu. Mtu akila maharagwe machache tu ambayo hayakuiva, pengine manne au matano, huweza kushikwa na kichefuchefu na kutapika sana katika muda wa saa moja mpaka tatu, kisha akaharisha.

Maharagwe yaliyochemshwa kwa nguvu hayana hatari hiyo, kwa kuwa kuchemka huivunja sumu. Lakini joto la chini haliivunji. Maharagwe yaliyokaa saa nyingi katika joto la digrii 70 au 80 bila kuchemka kwanza huweza kulainika yakaonekana yameiva, hali sumu ingali imo, na huweza hata kuzidi nguvu ya ile ya maharagwe mabichi. Mpishi huonja, akaona ni laini, akawapakulia watoto. Watu wenye vyungu vya umeme katika nchi za ng'ambo wamepatwa na mkasa huo, na mwenye kapu aweza kupatwa nao vile vile.

Kinga yake ni rahisi. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, au kwa uchache saa 5. Maji ya kulowekea yamwagwe, yasipikiwe. Kisha yatiwe maji mapya na kuchemshwa kwa nguvu, maji yakitokota, kwa dakika 30 kamili tangu yaanzapo kutokota. Katika sehemu za chini dakika 10 huivunja sumu, lakini milimani, maji yanapochemka kwa joto pungufu, dakika 30 ni salama zaidi. Baada ya hapo tu ndipo sufuria iingie kapuni. Maharagwe makavu yasiwekwe kamwe katika kapu wala katika chungu cha umeme bila kuchemshwa kwanza.

NYAMA NGUMU HUWA TAMU

Watu wengi hudharau nyama ya mguu wa ng'ombe, ya shingo na ya mkia, kwa sababu ni ngumu. Ugumu wake hutokana na nyuzi nyeupe zinazoishikamanisha. Nyuzi hizo zikipata joto la maji kwa muda mrefu huyeyuka, zikawa ule ute mzito unaoifanya supu iwe nzito na kuganda ikipoa. Moto mkali hauwezi kuzifanyia haraka. Hukaza nyama tu na kuikausha. Ndiyo sababu nyama iliyotokoteshwa kwa haraka huliwa kwa taabu, na ile ile ikikaa kapuni huachana na mfupa. Kuku wa kienyeji aliyezeeka, ambaye hafai kukaangwa, hupata heshima yake katika kapu.

Faida kwa mwenye nyumba ni dhahiri. Nyama iliyo ngumu aghalabu ina bei nafuu buchani, tena kilo moja yenye mifupa, ikipikwa pamoja na viazi na mboga, hutosha watu sita.

VYAKULA VITATU VYA KAPUNI

Supu ya mguu wa ng'ombe. Itwaliwe nyama ya mguu na mfupa wake kilo 1, maji lita 2, vitunguu 2, karoti 3, viazi 4, kipande cha tangawizi na kijiko kidogo cha chumvi. Nyama iliyokatwa na mifupa vitiwe katika maji baridi na kuchemshwa. Povu liondolewe kwa mwiko. Baada ya dakika 30 za kuchemka vitiwe vitunguu, tangawizi, karoti na viazi vilivyokatwa vipande vikubwa. Sufuria ichemke dakika 10 nyingine, kisha iingie kapuni kwa saa 4. Kabla ya kupakua ichemshwe tena na kutiwa nyanya 2 na dania. Ikiwa nyama ni ya ng'ombe mzee, ichemshwe robo saa na kurudishwa kapuni saa 2 zaidi. Mpishi aingizaye sufuria saa mbili asubuhi huweza kwenda shambani au kazini, akarudi saa sita na kukuta chakula tayari.

Githeri. Mahindi makavu vikombe 2 na maharagwe kikombe 1 vilowekwe usiku kucha, na maji yamwagwe. Vitiwe maji mapya ya kufunika na kupita juu kwa vidole vitatu, kisha vichemke kwa nguvu dakika 45. Viingie kapuni saa 5. Mahindi makavu ni magumu kuliko maharagwe, kwa hivyo yakikutwa bado, sufuria ichemshwe dakika 15 na kurudishwa. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa kama wafanyavyo Wakamba, hulainika mapema zaidi. Githeri ikiisha kuiva, kaanga kitunguu, nyanya na karoti katika mafuta kidogo, changanya, na utie sukuma wiki iliyokatwa dakika 5 za mwisho.

Ndengu na malenge. Chakula hiki huwafaa sana watoto, wazee, na mgonjwa apataye nafuu. Ndengu vikombe 2 zioshwe na kulowekwa saa 2, kisha zichemshwe dakika 20 pamoja na vipande vya malenge na kitunguu. Zikae kapuni saa 2 tu. Zikipondwa kwa mwiko huwa mchuzi mzito wa kuliwa na wali, chapati au ugali. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kula, sehemu yake ipondwe vizuri bila chumvi.

Wapendao ndizi waweza kufuata desturi ya Wachaga wa mitelemko ya Kilimanjaro, huko Tanzania, wapikao ndizi mbichi pamoja na nyama na kuziponda ziwe mtori. Nyama itangulie kapuni saa 3, kisha sufuria ichemshwe tena, zitiwe ndizi zilizomenywa, zichemke dakika 10 na kurudishwa kapuni saa 1.

KUHIFADHI NGUVU YA CHAKULA

Kupika polepole kuna faida nyingine: mchuzi haumwagwi. Nguvu zilizotoka katika mboga na nyama zikaingia katika maji huliwa pamoja na chakula. Hata hivyo si kila kitu hupenda joto la muda mrefu. Vitamini C, iliyomo katika mboga za majani, huharibiwa na moto. Kwa hivyo sukuma wiki, mchicha, managu na kunde visiingie kapuni kamwe. Vitiwe mwisho, vichemke kidogo tu.

Kamua limau katika sahani ya maharagwe. Vitamini C iliyomo katika limau huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na ndengu, na chuma hicho ndicho kinachojenga damu. Lakini limau na nyanya visitiwe mapema, kwa sababu uchachu huyazuia maharagwe kulainika. Karoti na malenge nazo huupa mwili vitamini A, iliyo nzuri kwa macho, na mwili huipata vizuri zaidi chakula kikiwa na mafuta kidogo.

Wako watiao magadi katika maharagwe ili yaive upesi. Ni kweli magadi huyalainisha, lakini huharibu vitamini B1. Aliye na kapu hana haja nayo, kwa kuwa muda anao bila kuulipia kuni. Kadhalika chumvi itumike kwa kiasi. Mtu mzima hahitaji kupita gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo kwa vyakula vyote vya siku. Tangawizi, kitunguu saumu na dania hutia ladha bila kudhuru.

CHAKULA KILICHOBAKI

Katika siku za baridi watu hudhani kwamba chakula kilichobaki hakiwezi kuharibika. Si hivyo. Supu ya nyama iachwayo mezani usiku kucha hukaa saa nyingi katika vuguvugu kabla ya kupoa, na huo ndio wakati wa vijidudu. Kinachobaki kipozwe upesi kwa kugawanywa katika vyombo vipana, na sufuria iweza kusimamishwa katika beseni la maji baridi. Kisha kiwekwe katika friji ikiwapo, mnamo saa 2. Kabla ya kuliwa tena kichemshwe mpaka kitokote chote, wala si kupashwa juu juu. Asiye na friji na apike kiasi cha kuliwa siku hiyo.

JIKO LISILALE CHUMBANI

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni la uhai na mauti. Katika miezi ya baridi watu wengine huingiza jiko la makaa katika chumba cha kulala, ama kwa sababu chakula bado hakijaiva usiku, ama ili chumba kipate joto. Hufunga mlango na dirisha, na kulala. Makaa yawakayo katika chumba kisicho na hewa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Aivutaye huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kulegea, na aliye usingizini huenda asiamke. Makaa yasiyo na moshi yasimdanganye mtu. Sumu hiyo haionekani.

Kapu halitoi moshi wala sumu. Sufuria yenye maharagwe ya kesho haina haja ya kukaa juu ya jiko usiku. Yalowekwe tu, na asubuhi yachemshwe penye hewa, nje au katika jiko lenye dirisha lililo wazi, kisha kapu limalize kazi. Atakaye joto la kulalia na atafute blanketi la pili na kula chakula cha moto jioni.

Kwa yote hayo kapu si kitu cha ajabu. Ni nyasi, vitambaa vikuukuu na akili kidogo. Lakini nyumba inayolitumia vizuri huweza kula maharagwe, ndengu na nyama ya mfupa mara nyingi zaidi kwa kuni zile zile, na mama apata saa tatu za kufanya kazi nyingine au kupumzika. Masharti yake ni machache: ichemshe kwa nguvu, ifunike kwa haraka, usiifungue, uile ingali na moto. Na kwa maharagwe, yaloweke, mwaga maji, na yachemshe dakika 30 kabla ya yote. Wahenga walisema kwamba mvumilivu hula mbivu. Mwenye kapu avumilie saa zake tano, na ajioni atakula mbivu kweli kweli.